Niliuziwa B1: kozi ya Kiitaliano na uongozaji watalii hapa Malindi

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za mwalimu wa kwanza. Jina la chuo siliandiki kwa sababu bado tunadaiana.

Mimi ni dereva wa tuktuk. Njia zangu ni Casuarina, mjini na Silversand, na Kiitaliano cha barabarani ninacho kama walivyo nacho wengi hapa: bei, kushoto, kulia, kesho saa tatu, shika vizuri bibi kuna tuta. Malindi hata mtoto wa shule ya msingi atakuuzia kikoi kwa Kiitaliano. Tunachokikosa ni kile cha kukaa na mgeni saa mbili ukimweleza jambo likaeleweka. Nikimpeleka mtu kwenye magofu ya Gede, langoni namkabidhi kwa mwongozaji mwenye leseni, kisha mimi nabaki kivulini nikitafuna korosho. Wakitoka, yule wa leseni anatia mfukoni pesa nzuri kuliko nauli yangu ya kwenda na kurudi, na mafuta hakuchoma. Ndiyo maana lile tangazo nililisoma mpaka chini.

Lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya stima Barabara ya Lamu, na kwenye WhatsApp likawa linazunguka vilevile. Picha yake ninayo kwenye simu. Lilisema hivi: Kiitaliano kuanzia sifuri mpaka ngazi ya B1 kwa miezi mitatu, mwalimu Mwitaliano, uongozaji watalii kwa vitendo, na safari kila wiki kwenye vivutio vya Malindi, cheti kinachotambuliwa na serikali, atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hotelini kwa kila mwanafunzi. Karo shilingi 18,000. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, nafasi ni chache.

Wakati wenyewe ulinifaa. Masika wageni wamerudi kwao, tuktuk inashinda kwenye mwarobaini, na mtu ana nafasi ya kusoma. Nikalipa nusu ya karo kwa M-Pesa, pamoja na shilingi 1,500 za usajili ambazo tangazo halikuzitaja. Hizo sikuzipigia kelele.

Nianze na lililo zuri, maana lipo na nisingependa lipotee katika malalamiko. Mwalimu tuliyemkuta hakuwa Mwitaliano. Alikuwa mtu wa papa hapa, mtu mzima, aliyeishi Italia miaka mingi akifanya kazi za jikoni kabla hajarudi. Wapo darasani walionung'unika tangu siku ile, kwamba tangazo lilisema Mwitaliano. Mimi sikuwa miongoni mwao. Mwitaliano asiyejua Kiswahili angejuaje tunapojikwaa? Mzee huyu alijua. Tulipokuwa tunahangaika na majina ya kike na ya kiume, tunalia mbona kiti ni cha kike, alituuliza: "Ninyi mna ngeli ngapi? Mnasema kiti changu, meza yangu, mti wangu, na hakuna anayesita. Wenzenu wana mbili tu. Mnaogopa nini?" Darasa zima likacheka, na toka siku hiyo woga ukapungua. Kuna mama mmoja anayesafisha vila kule Casuarina, hajaona mlango wa sekondari, ndiye aliyekuwa wa kwanza wetu kupatanisha sawasawa. Alisema ni kama kupanga nguo za kufua. Mwalimu wa namna hiyo huwezi kumweka kwenye bango, na pengine ndiyo sababu hawakumweka.

Sasa hiyo B1.

Wiki ya kwanza kijana mmoja wa Shela aliuliza B1 ni nini hasa. Mwalimu hakuficha. Akachora ngazi sita ubaoni, A1, A2, B1, B2, C1, C2, akaeleza kwamba ni vipimo vya Baraza la Ulaya, vilichapishwa 2001, na Wazungu huvitumia kupimia lugha yoyote ile. Mtu wa A1 anajitaja jina, anauliza bei, anaelewa akizungumziwa polepole. Mtu wa B1 anasimulia yaliyomtokea, anaeleza anachokifikiri na kwa nini, na safarini hakwami. Kisha akapiga hesabu mbele yetu: saa mbili kwa siku, siku tatu kwa wiki, wiki kumi na mbili, jumla saa 72. Toa Idd, toa Madaraka, toa siku mvua inapofunga barabara. Akasema saa hizo zinamfikisha mtu A1, na mwenye bidii atachungulia A2. B1, alisema, ni kazi ya mwaka na zaidi kwa mwendo huo.

Kukawa kimya. Mtu wa nyuma akauliza, sasa aliyeandika tangazo hakukuuliza wewe? Mwalimu akafuta ubao.

Kwa mtu wa kazi yangu pengo hilo si la kwenye karatasi tu. Fikiria mwongozaji anasema nini siku nzima. Watu walikuwa wakiishi hapa, walikuwa wakichota maji kisimani huku, wanawake walikuwa wakiingilia mlango ule. Yote ni mambo yaliyokuwa yakiendelea zamani, na Kiitaliano kina wakati wake maalumu wa kuyasema hayo, wanauita imperfetto. Sisi tulimaliza kozi tukiwa tumegusa wakati uliopita wa kawaida tu, nilikwenda, nilikula, basi. Kwa hiyo naweza kumwambia mgeni kwamba jana nilikwenda Gede. Gede yenyewe ilikuwaje siku za uhai wake, siwezi. Nusu ya pili ya kozi, uongozaji, ilitegemea nusu ya kwanza ifike mahali ambapo isingefika kamwe, na aliyeziunganisha hizo mbili kwenye bango ama hakujua ama alijua.

Safari za kila wiki zikawa safari moja. Moja! Na nauli tulijilipia, na kiingilio tulijilipia. Mpango wa kwenda na boti ya kioo kwenye hifadhi ya bahari, ile iliyotengwa tangu 1968, uliahirishwa mara mbili kwa sababu bahari ni chafu. Bahari chafu ni kweli. Lakini kila mvuvi wa Malindi anajua kwamba masika Mto Sabaki huteremsha tope jekundu lote la bara, na upepo wa Kusi ukishika, ukitazama chini ya kioo unaona rangi ya chai ya maziwa. Aliyeweka boti ya kioo kwenye kozi ya Aprili mpaka Juni hakumuuliza mtu yeyote mwenye mtumbwi. Na Nguzo ya Vasco da Gama, ambayo kutoka darasani ni kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya adhana, hatukupelekwa. Tulionyeshwa picha yake kwenye karatasi ya fotokopi, nyeusi tii, ungedhani mnara wa simu.

Hiyo safari moja ilikuwa ya Gede, na hapo ndipo niliposikia aibu ambayo sijapata kuisikia ndani ya kazi yangu. Notsi tulizopewa za uongozaji ziliandika kwamba Gede ni mji uliojengwa na Wareno. Mwenzetu mmoja, msomaji mzuri, akamsomea mwongozaji wa pale kwa sauti, akitaka kuonyesha kwamba na sisi ni wanafunzi wa fani. Yule kaka hakucheka. Alituchukua kimya mpaka kwenye lile kaburi lenye tarehe, akatuonyesha maandishi: mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399 wa Miladi. Akauliza, "Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka gani?" Wote tukajibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la nne: 1498. "Basi huyo Mreno wenu alijenga miaka mia kabla hajaijua njia ya kuja?"

Baada ya hapo alitutembeza kwa hisani yake, na kwa saa ile moja nilijifunza uongozaji kuliko wiki zote. Alituonyesha msikiti mkuu na jumba la mtawala, visima, na majina ya nyumba yaliyotokana na vitu vilivyookotwa ndani yake, nyumba ya mkasi, nyumba ya kauri za pwani. Alieleza vipande vya kaure za China vinatuambia nini juu ya biashara ya watu wa hapa. Alieleza uchimbaji wa mwanaakiolojia James Kirkman ulioanza 1948 ukaendelea kwa miaka kumi, na kwa nini hadi leo wataalamu hawajakubaliana watu walihama kwa sababu gani mwanzoni mwa karne ya kumi na saba: maji kukauka visimani, vita, au yote mawili. Hapo alisimama akasema jambo nililoliandika mkononi kwa kalamu: mgeni akikuuliza usilolijua, mpe zile rai zote, usimchagulie moja. Tangu 2024 Gede imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni watakuja wakiwa wamesoma. Mtu aliyekaririshwa kwamba ni kazi ya Wareno ataadhirika mbele yao, na Malindi itaadhirika pamoja naye.

Niliporudi nilimuuliza dada wa mapokezi nani aliandika zile notsi. Akasema zilikuwepo alipoajiriwa.

Katikati ya kozi mwalimu aliondoka. Sababu aliyotuambia ni mshahara kucheleweshwa, na ofisi ikatuambia ni ugonjwa. Aliyeletwa badala yake ni binti aliyemaliza kozi hiyohiyo muhula uliotangulia. Mpole, ana adabu, na kosa si lake. Lakini alikuwa anatusomea karatasi tulizokwisha kuzisoma, na tukimuuliza kitu nje ya karatasi anasema atauliza. Mahudhurio yakashuka. Mimi niliendelea kwa ukaidi tu, maana nilikwisha maliza kulipa.

Kwenye cheti nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapoliwa pesa zaidi. Wiki za mwisho tuliambiwa tulipe shilingi 2,000 za mtihani wa nje. Tukauliza, nje wapi? Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa ametutajia mitihani ya Kiitaliano inayojulikana: CILS wa chuo kikuu cha wageni cha Siena, CELI wa kile cha Perugia, PLIDA wa Società Dante Alighieri. Hiyo ukiipita, Roma wanaijua. Ofisi ikajibu kwamba wetu unatambuliwa na serikali. Siku ya mtihani tulipewa karatasi mbili zilizopigwa chapa na chuo, zikasahihishwa na chuo, na cheti kikatoka kwenye printa ya chuo kikiwa bado na joto.

Wakatuonyesha fremu ukutani: chuo kimesajiliwa na TVETA. Naamini kimesajiliwa. TVETA ndiyo mamlaka iliyoundwa na sheria ya 2013 kusimamia vyuo vya kiufundi, na mtu hatundiki hati ya uongo waziwazi hivyo. Ila yule mama wa Casuarina, ambaye mwanawe anasoma ufundi umeme chuo kingine, alituambia kitu ambacho wengi wetu hatukukijua: kusajiliwa chuo ni jambo moja, na kuidhinishwa kwa kozi yenyewe ni jambo jingine. Tukaomba kuona kozi zilizoidhinishwa. Baada ya kuzungushwa sana tukaonyeshwa. Kulikuwa na kompyuta, ushonaji na ususi. Kiitaliano hakikuwemo, wala uongozaji watalii haukuwemo. Kwa hiyo serikali inakitambua chuo, na sisi hatumo.

Na hata kingekuwa cheti halali, tangazo liliandika "maliza leo, anza kazi kesho", na hilo pia si hivyo. Leseni ya kutembeza watalii hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, kwa sheria ya 2011. Waongozaji wanaoheshimika hukalia mitihani ya chama chao, KPSGA, yenye daraja la shaba, fedha na dhahabu. Hayo niliambiwa bure na yule kaka wa Gede tukiwa tumesimama chini ya mti, kima wanatutazama. Katika kozi nzima hakuna aliyeyataja.

Atachimenti ilikuwa barua moja ya fotokopi isiyo na jina la hoteli, uende nayo ukabishe hodi mwenyewe. Mwezi Juni, hoteli kadhaa zimefunga zinapakwa rangi. Mlinzi mmoja aliisoma barua yangu akanirudishia, akaniuliza kama tuktuk iko bure imfikishe Maweni. Nilimfikisha.

Tuliandika barua ya malalamiko, tukatia sahihi karibu darasa zima. Tulieleza tangazo lilisema nini na tumepata nini, tukaambatisha ile picha ya bango. Hatukudai karo yote. Tulidai 2,000 za mtihani, pesa za safari ambazo hazikufanyika, na notsi za Gede zisahihishwe kabla hazijapewa wengine. Mkurugenzi alituita tukiwa watatu. Alitupokea vizuri, tukaletewa soda. Kisha akasema, "Kaka zangu, tangazo ni la kuvuta watu. Kozi hubadilika kulingana na mazingira."

Nikamwambia, Bi Mkurugenzi, abiria akipanda kwangu tukapatana Marafa, nikamshusha daraja la Sabaki nikamwambia mazingira yamebadilika, atanilipa nauli ya Marafa? Akasema elimu si nauli. Mwenzangu, yule kijana wa Shela, akamwambia kwamba Kenya ina sheria ya kumlinda mteja ya 2012, na kutangaza huduma kwa sifa isiyokuwa nayo kumo humo, iwe ni sabuni, iwe ni karo. Sura ya mkurugenzi ilibadilika kidogo. Akasema atalijadili na wenzake.

Sitaki kuonekana nimekwenda kutafuta makosa. Shilingi 18,000 si pesa nyingi kwa miezi mitatu. Bango lingesema "Kiitaliano cha kuanzia, mwalimu mzoefu wa hapa Malindi, cheti cha chuo", ningelipa na ningetoa nyota nne. Wanaohitaji kozi kama hiyo ni wengi: mabinti wa vila, wauza vikoi, wapishi, sisi wa tuktuk. Hakuna aliyehitaji kudanganywa B1. Na wenye uwezo wa kwenda Chuo cha Utalii Nairobi, ambacho kimekuwepo tangu 1975, si sisi wenye watoto na mikopo ya tuktuk. Sisi tunasoma palipo karibu, jioni, tukiwa na jasho la kazi. Ndiyo maana bango la Barabara ya Lamu lina nguvu kuliko linavyostahili.

Kinachonikera zaidi hata ya pesa ni wale walioacha. Vijana wawili wa Muyeye walipoona hawaelewi kwa kasi ya "B1" walidhani wao ndio wazito. Mmoja aliniambia kichwa chake hakishiki lugha. Anazungumza Kigiriama, Kiswahili na Kiingereza! Nikamwambia hesabu ya zile saa 72, lakini alikuwa amekwisha uza vitabu.

Kwa anayefikiria kujiunga muhula ujao: uliza mwalimu ni nani na kama ndiye atakayemaliza muhula. Uliza saa ngapi kwa jumla, usiulize miezi mingapi. Omba kuiona idhini ya kozi yako yenyewe, usiridhike na fremu ya ukutani. Mtihani, uliza nani anautunga na nani anausahihisha. Na tangazo lipige picha kabla hujalipa, maana muhula huu limebandikwa jipya, nimelipita jana nikiwa na abiria. B1 imeondolewa, wameandika "Kiitaliano cha hali ya juu". Mwalimu Mwitaliano bado yumo.

Pesa za safari walinirudishia, shilingi 600, kwa M-Pesa, bila ujumbe wowote. Notsi za Gede sijui kama zimesahihishwa. Zile 2,000 za mtihani, mpaka naandika hivi, bado.